Nyimbo Zilizofanya Mtihani Mezani kwa Mama

Enzi zetu pale Mafubira, wimbo haukuingia nyumbani hivi hivi. Ulifanya mtihani kwanza. Nyinyi mliokulia Jinja wakati wa kaseti, mliozungusha utepe kwa kalamu baada ya redio kuutafuna, mnakumbuka jinsi tulivyozipenda nyimbo. Lakini sidhani kama mlikuwa na mama kama wangu.

Mama alikuwa mlokole, ameokoka sawasawa, na habari hiyo alimpa kila mtu, hata yule Mhindi wa duka la vitambaa aliyetaka tu kumpimia mita zake mbili aende. Yeye alikuwa Mgisu wa Mbale, baba Msoga wa Buwenge, na kwa kuwa hakuna aliyekubali kushindwa na lugha ya mwenzake, nyumbani tulisema Kiswahili. Majirani walicheka, wakasema tunaishi kama tuko kambini. Mama akawajibu kwamba Mungu anasikia hata Kiswahili cha askari.

Mtihani wenyewe ulifanyika baada ya chakula, harufu ya viazi vitamu na mchuzi wa karanga ikiwa bado mezani. Mtoto aliyeleta wimbo alisimama, mikono nyuma, akayasema maneno yake kavu, bila kuimba, bila kutingisha hata bega, kama mtu anayesoma matangazo kanisani. Ukithubutu kuvuta sauti kidogo, mama alikukatiza. "Wacha kuimba. Sema tu. Neno unashindwa kusema mbele yangu, utaimba mbele ya Yesu?"

Jamani, jaribuni. Chukueni wimbo mnaoupenda, uondoeni ngoma, uondoeni gitaa, kisha msimame mbele ya mama yenu. Dada yangu Ester, aliyenizidi miaka mitatu na aliyejiona msichana mkubwa, alileta wimbo uliokuwa unavuma mji mzima. Akasimama, akajikaza, akasema: "Mtoto mzuri, nipe, nipe, nipe."

"Akupe nini?" mama aliuliza.

Ester alitazama dari.

"Basi kama hujui unaomba nini, wacha kuomba."

Nilicheka mpaka chai ikanitoka puani, nikafukuzwa mezani.

Msidhani nyimbo za dini zilipita bure. Kwaya yetu ilikuwa na wimbo mmoja mtamu ajabu, na mimi nikaupeleka kifua mbele, nikijua hapa nimefika. Kumbe ubeti wa pili uliomba jirani aanguke ili sisi tuinuke. Mama aliufelisha palepale, na Jumapili iliyofuata akamweleza kiongozi wa kwaya. Lakini wimbo wa mzee mmoja aliyeimba jinsi jembe lake lilivyokatika na mkewe akamcheka, huo ulipita. Haukutaja Mungu hata mara moja. "Huyu anasema ukweli," mama alisema. "Uimbeni."

Sasa, mama alikuwa na dada yake mkubwa Mbale, ambaye sisi tulimwita mama mkubwa. Walipendana sana, ila mama mkubwa hakuwa mlokole, na sherehe zake zilikuwa na muziki wa kila namna. Katika sherehe moja mama alisikia wimbo fulani, akainuka, akachukua mkoba wake na watoto wake, akaondoka kabla ya chakula. Mama mkubwa aliona ameaibishwa mbele ya wakwe. Miaka miwili walisalimiana kwa kutumia watu. Ndipo binti ya mama mkubwa, Mutonyi, akapata mchumba, na kule Mbale wakaanza kuulizana kama mama atakuja harusini. Sisi tulikuwa tunakufa kwa hamu ya ile harusi. Malewa ya Bugisu, yale machipukizi ya mianzi, yaliyopikwa kwa karanga, binamu ishirini, kucheza kwepena, kukwepa mpira mpaka mtu asahau jina lake.

Siku moja dereva wa teksi ya Mbale alileta karatasi iliyochanwa kwenye daftari. Mama mkubwa alikuwa ameandika nyimbo zote zitakazopigwa harusini, saba. Chini yake aliandika kwamba mama aufute wimbo wowote asioutaka, isipokuwa wa saba, kwa sababu huo bi harusi ameuchagua wa kuingilia ukumbini. Mama aliisoma mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nyimbo zikipita, tunaenda. Zikianguka, nitatuma zawadi."

Hatukuwahi kusoma kwa ajili ya mtihani wa shule kama tulivyosoma kwa ule. Mimi na Ester tuligawana nyimbo. Tulizisema moja moja, kavu, jasho likitutoka. Mmoja ulifutwa, tano zikapita. Ukabaki wa saba, na wa saba ulikuwa wa Kilingala.

Mnajua sote tulikipenda Kilingala kwa sababu hakuna aliyejua kinasema nini. Tuliimba kwa midomo mikubwa maneno ya kubuni, kila nyumba na yake. Mama akasema hawezi kupitisha asichokielewa, na hawezi kufelisha asichokielewa pia. Akamwita Afande.

Afande alikuwa jirani yetu, mzee Mwislamu, mwanajeshi mstaafu wa wale ambao babu zao walitoka Sudani. Aliwahi kukaa Kongo, na kaseti yenyewe ilikuwa yake. Alikuja Jumamosi mchana na kanzu iliyopigwa pasi, akaketi wima, akakataa mandazi mpaka kazi iishe. Ester alishika kitufe. Wimbo ukalia kidogo, akausimamisha, Afande akatafsiri kwa sauti ya paredi.

"Anasema, bibi, mimi nilikosa. Siku ile nilipandisha sauti mbele ya watu."

Mama akaitikia kwa kichwa.

"Anasema, rudi nyumbani. Chakula iko, lakini hakuna mtu ya kukula na mimi."

Mama aliitazama ile karatasi ya mama mkubwa. Niliona macho yake yamebadilika. Ester akabonyeza, gitaa likalia, na kikaja kipande kile ambacho binamu zetu walikikatia viuno. Akasimamisha. Afande akakohoa.

"Hapa, mama, iko kiuno."

"Kiuno inafanya nini?"

Afande alifikiri. Alikuwa mtu mkweli na alikuwa nyumbani kwa watu. "Inatembea, mama."

"Inatembea wapi?"

"Inatembea tu. Kiuno yote inatembea. Hata ya mchungaji."

Halafu mama alicheka. Alicheka akishika meza, kitambaa cha kichwa kikamteleza, akajaribu kusema kitu akashindwa, na Afande naye akaanza kutikisika ndani ya kanzu yake. Sisi tulirukaruka kama vichaa. Mpaka leo sijamwomba Mkongo yeyote anitafsirie wimbo ule, na sitaki kujua kama Afande alibuni.

Tulikwenda Mbale. Wimbo wa saba ulipopigwa na Mutonyi akaingia, mama mkubwa hakuwa anamwangalia bi harusi mlangoni, alikuwa anamwangalia mama, kuona kama atachukua mkoba. Mama aliuacha mkoba kwenye kiti. Alivuka ukumbi, akamshika dada yake mikono yote miwili, akamwambia maneno ya wimbo ule sikioni, kavu, bila kuimba. Nilikuwa karibu, nikayasikia. Kisha wakalia wakicheka, na viuno vyao, samahani mama, vikatembea.

Siku hizi mimi mwenyewe ninaishi Mbale, na ule mtihani wa mezani umeniharibia masikio moja kwa moja. Siwezi kupenda wimbo kabla sijayasema maneno yake kimoyomoyo. Vijana wa leo hawana taabu hiyo. Nyimbo zao zina maneno manne, na matatu ni "ee". Binti yangu ana miaka kumi na tano, anatembea nyumba nzima na vidude masikioni, kichwa kinatingika, midomo inacheza. Juzi nilimwomba aniambie wimbo unasema nini. Akanitazama kwa huruma. "Mami, hii si ya maneno, ni ya biti." Akarudisha kidude chake sikioni.

Tulilalamika sana juu ya ule mtihani, mimi na Ester. Lakini mama alijua kila neno lililokuwa kinywani mwangu, na mimi nililijua la kwake. Binti yangu ananipita sebuleni akiimba kimyakimya, na sijui anaimba nini.