Mwalimu Ruth na Video ya Ijumaa Jioni

Jua lilikuwa limebaki upana wa vidole viwili juu ya mikaratusi ya Birongo, na chungu cha chinsaga, ile mboga chungu ya Wagusii, kilikuwa bado hakijafunuliwa. Mwalimu Ruth Nyanchera alisimama nyuma ya meza ya jikoni, mikono ameitua mbele yake kama alivyosimama mbele ya madarasa kwa miaka thelathini na miwili. Mbele yake simu ilikuwa imefungwa kwa mpira wa baiskeli kwenye mgongo wa kiti, na kiti kimepandishwa juu ya kreti ya soda. Nyuma ya simu alikuwa Sheila, mke wa mwanawe, akichungulia.

"Mama, Sabato inaingia saa kumi na mbili na dakika thelathini na tano," Sheila alisema. "Tumebakiwa na dakika kumi, kisha kazi zote zisimame."

"Najua inaingia lini."

Kazi hii ilikuwa na miezi mitatu. Ilianza siku Sheila alipomwonyesha video ya kijana mmoja wa mjini Kisii aliyepika chinsaga kwa nyanya na mafuta, dakika kumi, akasema ndivyo mama zetu hupika. Ruth aliitazama mara mbili.

"Huyu alifundishwa na nani?"

"Hakuna, Mama. Ana simu tu."

"Hata mimi nina simu."

Video ya kwanza uso wake ulitoka mweusi kama chungu chenyewe, kwa sababu aliketi akilipa dirisha mgongo. Ya pili mvua ilipiga mabati na hakuna neno lililosikika. Ya tatu ilikatwa katikati na simu kutoka kwa katibu wa chama cha akina mama. Kila kosa aliliandika kwenye daftari, na halikurudi. Alijifunza kufuta kijicho cha kamera kwa kitambaa cha pamba kabla ya kusema lolote, na kuifunga simu isipokee mtu. Shuka nyeupe, iliyotundikwa upande wa kivuli, ilimrudishia usoni mwanga ambao wengine huununulia taa. Kinasa sauti kilikuwa kile cha waya wa kusikilizia, kimebanwa kwa pini chini ya pindo la leso. Badala ya kuongea dakika nane bila kupumua, alichukua picha ya mbali, kisha ya karibu, kisha ya mikono peke yake, na Sheila akaziunganisha usiku baada ya kufunga saluni.

Kitu kimoja tu hakikuwa na njia ya mkato. Mlango wa jiko lake ulitazama machweo, na mwanga mzuri uliingia kwa muda wa saa moja tu kabla ya jua kuzama. Na chinsaga haisubiri. Ilikuwa imechemshwa Jumatano, ikatiwa maziwa, ikapashwa Alhamisi, na Ijumaa ndiyo siku ya kufunuliwa. Asubuhi kinu cha kusaga cha jirani kilikuwa kimenguruma hadi saa sita. Ilibaki jioni.

Mara ya kwanza ulimi uliteleza. Mara ya pili jogoo akawika. Mara ya tatu alifunua chungu, na mvuke ukapanda ndani ya mwanga ule wa dhahabu polepole, kana kwamba uliagizwa. Alikuwa anaeleza kwa nini maziwa hutiwa kidogo kidogo wakati watu wa nyumba ya Anyona, ng'ambo ya ua, walipoanza kuimba kuikaribisha Sabato.

Sheila aliinua mkono.

Ruth aliuona mkono. Aliusikia wimbo pia, sauti ya mke wa Anyona ikitangulia wengine. Akatazama mvuke, akaendelea kusema mpaka akamaliza. Haikufika dakika mbili.

Hawakuzungumza juu ya hilo. Jumapili video ikapandishwa, na kufikia Jumanne ilikuwa imetazamwa na watu elfu arobaini. Wana wa Gusii walio ng'ambo waliandika kwamba wamelia. Mama mmoja wa Magwagwa aliuliza kama mwalimu anaweza kuwafunza binti zake.

Jumatano mtu akaandika: "Huo wimbo huko nyuma ni wa kufungua Sabato, ama ni masikio yangu?"

Chini yake wakacheka. Kisha mwingine akaandika: "Huyo ni mke wa marehemu Mzee Ombui. Kama yeye ameanza, sisi wengine tufungue baa."

Ruth alisoma maneno hayo akiwa amesimama. Ombui alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka ishirini na mmoja. Ijumaa moja lori la majani chai lilichelewa, na jua lilipozama alifunga mdomo wa magunia, akaenda nyumbani akayaacha yaoze kwenye kituo. Hakuna mtu wa Birongo asiyelijua jambo hilo. Ndilo walilolisimulia siku ya mazishi yake, na ndilo Ruth aliloishi nalo miaka minne ya ujane, akitembea sokoni shingo wima.

Alhamisi Mzee Ogari, kiongozi wa kanisa, alifika. Alikataa chai, na Ruth akajua.

"Dada Ruth, baraza linakaa Jumapili."

"Kuhusu mimi?"

"Kuhusu video." Alikunja kofia yake mapajani. "Wewe unafundisha darasa la Biblia la akina mama. Wanauliza."

"Wanauliza nini hasa, Mzee?"

"Ilikuwa saa ngapi."

Sheila alikuwa mlangoni. "Mzee, hizi video tunazitengeneza vipande vipande. Wimbo unaweza kuwa umewekwa baadaye. Watu huweka nyimbo."

Ogari alimgeukia haraka mno. "Uliwekwa baadaye?"

"Unaweza kuwa."

"Basi hilo likisemwa Jumapili, limeisha." Akamtazama Ruth, na macho yake yalikuwa yanasihi. "Mimi nilimbeba Ombui kaburini. Sitaki kusoma jina hilo mbele ya watu."

Alipoondoka, Sheila alikaa kwenye kreti. "Mama, hata sauti naweza kuitoa. Nusu saa tu. Nani atajua?"

"Nyumba nzima ya Anyona."

"Wale hawawezi kukusema."

"Ndiyo maana siwezi." Ruth alichukua daftari lake la makosa, akaliweka tena bila kulifungua. "Unataka mke wa Anyona akae kanisani kila juma akijua kwamba ninasimama mbele yake na Biblia na uongo?"

"Basi tuiondoe kabisa."

"Imeshapita kwa simu za watu. Kuiondoa ni kukimbia."

"Na ukikubali watakuvua darasa. Watasema ya baba pia." Sheila aliinuka kwenye kreti. "Ni dakika mbili, Mama."

"Lori la Ombui nalo lilichelewa saa moja tu," Ruth alisema.

Jumapili aliketi nje ya chumba cha baraza, kwenye benchi, akiwa amevaa suti yake ya kijivu ya shuleni. Walimwita saa nane. Watu saba walikuwa ndani, watatu kati yao wanafunzi wake wa zamani, nao hawakujua pa kuweka macho.

"Tumesikia kwamba huenda wimbo uliongezwa baadaye," Ogari alianza, akimpa njia ya kutokea.

"Haukuongezwa. Ulikuwa unaimbwa. Niliusikia, na mkwe wangu alinionya kwa mkono. Nikaendelea kwa sababu mwanga ulikuwa mzuri."

Mmoja wa wanafunzi wa zamani, Fred, aliinama juu ya meza.

"Mwalimu, pengine hukujua saa."

"Nilijua, Fred. Usinisaidie."

Wakamtoa nje. Walichukua karibu saa moja, na kwa muda huo alisikia sauti zikipanda na kushuka, jina la Ombui likitajwa mara tatu, na kila mara mgongo wake ukakakamaa kama wa mtu anayechanjwa. Ogari alitoka na kitabu cha washiriki mkononi.

"Karipio la miezi sita. Darasa atashika Dada Roselyne. Itasomwa Sabato ijayo. Video hawakuamua. Wamekuachia."

"Itabaki, na wimbo wake. Nitaandika chini yake ilikuwa saa ngapi."

Ogari aliitikia kwa kichwa. Alifungua kitabu amwonyeshe mstari utakaosomwa. Ruth akavaa miwani. Palikuwa pameandikwa, kwa mwandiko wa zamani, Mke wa Mzee Ombui.

"Jina hilo halikupika," alisema. "Lifute. Andika Ruth Nyanchera."

"Kitabuni ndivyo ulivyoandikwa, dada, tangu mwaka mlipooana."

"Nina jina la ubatizo, Mzee. Lisome hilo."

Ogari akaegemeza kitabu ukutani, akatafuta kalamu mfukoni, na Ruth akabaki hapo akimtazama mpaka alipomaliza kuandika herufi ya mwisho.