Vichwa vya Bure

Wifi yangu anaitwa Vidole. Jina hilo hakupewa na wazazi wake, alipewa na wateja, kwa sababu ukikaa kwenye kiti chake asubuhi nywele zimetimka, saa sita umesimama mbele ya kioo unajishangaa. Kaka yangu alipomleta nyumbani kumtambulisha, mimi sikumpenda. Mawifi hatupendani siku ya kwanza, hilo linajulikana. Nilimwona anaringa, anacheka kwa sauti kubwa mbele ya watu asiowazoea, tena mama akiwepo. Mwezi haukuisha, kichwa changu kikawa mikononi mwake, na sijaenda tena kwa msusi mwingine. Nampenda hadi leo, ingawa nikimwambia hivyo ataniuliza nataka kukopa nini.

Saluni yake ni chumba kirefu kilichopakana na duka la vifaa vya ujenzi. Zamani alikuwa na chumba nusu ya hicho na kiti kimoja, wateja wakisubiri nje juani. Akawaza kupanua. Hakuwaza vibaya. Hata mimi nilimwambia, wifi, panua, na nikamkopesha akiba yangu yote, maana mimi ni dobi na nilikuwa nimeweka kidogo kidogo kwa kufua mashuka ya watu. Kikundi cha akina mama nacho kikampa mkopo. Akanunua draya nne za kukaushia nywele, za mitumba. Miezi mitatu baadaye mbili zikazima siku moja, kama zimeahidiana.

Akakopa ili azitengeneze, hazikutengenezeka. Kodi ya chumba kikubwa ikafika, akakopa kwenye simu, na mkopo wa simu haujui kusubiri. Akakopa kwa mke wa mwenye duka jirani ili aulipe huo wa simu. Akachukua nywele bandia kwa mali kauli kutoka kwa muuza nywele, atalipa akishasuka. Akakopa kwingine amlipe jirani. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Vidole alikuwa na harusi na matanga kila wiki, na sisi wa karibu yake hatukusikia kigelegele wala kilio.

Aliyesikia kidogo kuliko wote ni kaka yangu. Yeye ni fundi bomba, mtu wa maneno machache, lakini kwa kumsifu mke wake alikuwa hajizuii. Aliwaambia mafundi wenzake kwamba saluni ya mke wake haiishi watu, na kwamba mambo yakiendelea hivyo yeye ataacha kuingia chini ya masinki ya watu akae nyumbani alishwe.

Na kweli saluni ilikuwa haiishi watu. Hapo ndipo tulipodanganyika. Ungepita asubuhi au jioni, ungekuta benchi limejaa na Vidole hajaketi tangu alfajiri. Mtaani walisema anachuma. Mimi nilichoona ni kwamba amekonda na kile kicheko chake kimepotea. Simu ikiita anashtuka. Akaanza kuichimbia ndani ya mfuko wa nywele bandia, chini kabisa, na ukiwa umekaa pale ungeona mfuko unatetemeka peke yake huku yeye anaendelea kusuka kana kwamba hakuna kitu. Nilimuuliza kama ana mimba. Akasema laiti angekuwa na bahati hiyo. Nikacheka, mjinga mimi.

Jumamosi moja nilikaa benchini muda mrefu nikisubiri zamu yangu. Binti wa muuza nywele akainuka, akajitazama kwenye kioo, akashukuru, akaondoka. Akafuata mke wa mwenye duka, naye vilevile. Kisha mtunza hazina wa kikundi, mama mmoja mnene mwenye heshima zake, akainuka akaaga. Vichwa vitano vilipita mbele yangu na sikuona hata sarafu moja ikitoka mfukoni mwa mtu. Nikasema moyoni, hawa watu wana roho gani? Zamu yangu ikafika. Nikasukwa, nikasimama, nikajipangusa gauni, nikaelekea mlangoni, na hapo mlangoni miguu ikagoma.

Mimi mwenyewe nilikuwa sijalipa. Tena sikuwa nimelipa tangu aliponikopa. Mara ya kwanza nilipotoa pesa alisema, acha tu wifi, nikarudisha mfukoni haraka kabla hajabadili nia. Tangu hapo nikaona ni haki yangu, wifi wa mtu kusukwa bure. Nilidhani ni mapenzi.

Ikanijia yote pale pale. Kila aliyemdai alikuwa akisukwa bure, yeye na binti zake, ili akikaa kwenye kile kiti asilitaje deni. Na hakuna aliyepunguza chochote, kwa kuwa hakuna aliyekubaliana naye kupunguza. Vidole vyake vilifanya kazi kutwa nzima kununua ukimya wa watu. Wateja wa kulipa walikuta benchi limejaa, wakaenda kwa wengine. Simjui msusi mwingine aliyewahi kujifilisi kwa kuwa na watu wengi hivyo.

Sikusema kitu mbele za watu. Kesho yake, Jumapili mchana, nilimkuta anafagia, saluni imefungwa. Nikamwambia akae kwenye kiti cha wateja, nimfumue. Kichwa chake mwenyewe kilikuwa ndani ya kitambaa mwezi wa pili huo.

"Wewe? Utaning'oa," akasema.

Nikamjibu kwamba atakayeng'olewa ni yeye, mimi sitaumia. Akakaa. Nikakigeuza kiti kitazame ukuta, maana kitu kimoja nilikuwa nimejifunza kwa miaka ya kukaa pale: mtu humwambia msusi yale asiyomwambia mama yake, kwa sababu msusi yuko nyuma na humwoni uso. Nilishamwambia Vidole mambo ya ndoa yangu ambayo ningemwambia uso kwa uso ningekufa kwa aibu. Yeye hakuwahi kuwa na mtu wa kusimama nyuma yake.

Mikono yangu inajua kukamua mablanketi. Nilifumua taratibu nilivyoweza, naye alivumilia. Nilipofika katikati ya kichwa nikamuuliza nani wengine wanamdai, mbali na mimi.

Akaanza na deni dogo, kisha lililofuata, akitaja mtu mmoja mmoja kwa sauti ya kawaida, kama anasoma orodha ya sokoni. Alipofika mwisho mkono wangu ulikuwa umesimama. Nilikuwa nimekisia, lakini sikukisia hata nusu. Hata angefanya kazi kila siku na kulipwa kila kichwa, ingechukua miaka miwili kuyamaliza.

"Nimewaza kuondoka," akasema. "Siyo kufa, wifi, usishtuke. Kuondoka tu. Nipande gari nishuke mahali ambapo mtu akija upande wangu simwogopi."

"Na watoto?"

"Ndiyo maana bado nipo."

Nikalia. Nililia kimya, lakini machozi hayana adabu, yakamdondokea utosini. Akauliza ni mafuta gani hayo ninayompaka. Nikamwambia ni ya kwangu, sikuyanunua kwa mkopo. Tukacheka wote wawili, cheko la kamasi, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka baada ya miezi mingi. Kisha nikamwomba radhi kwa vichwa vyangu vyote vya bure. Na nikamgombeza pia, siwezi kudanganya. Nilikuwa na hasira naye kwamba aliwaza kupanda gari kabla ya kuvuka barabara kuja kwangu.

Aliniomba nisimwambie kaka. Nikasema sitamwambia, atamwambia mwenyewe, mimi nitakaa pembeni. Jioni ile ile akamwambia. Mikono aliiweka mapajani, na ilikuwa haitulii. Kaka yangu hakupiga kelele. Aliuliza tu kama mafundi wenzake wanajua. Alipoambiwa hapana, akachukua mkoba wake wa spana akaenda kufungua bomba la jikoni, ambalo halikuwa na kasoro yoyote. Siku mbili alitengeneza kila bomba la nyumba ile, hadi la choo cha wapangaji wenzao. Vidole alinipigia simu akiniambia kwamba ndoa imekwisha. Nikamwambia mwanamume anayeondoka hakarabati choo.

Siku ya tatu, watoto walipokwenda shule, akavuta kiti akakaa mbele yake.

"Tunaanza kwa nani?" akauliza.

Vidole anasema hakusikia maneno mengine baada ya lile "tunaanza". Siku hiyo akarudi kulala hadi saa saba mchana, wateja wa bure wakagonga mlango wa saluni mpaka wakachoka.

Tulianza na mgumu kuliko wote, yaani mtunza hazina. Tulikwenda watatu kwa miguu, mimi, Vidole na kaka. Yule mama alitusikiliza mpaka mwisho, bila kutukaribisha hata maji. Kisha akasema, "Mimi nilidhani unanisuka kwa sababu unanipenda." Nikainamisha kichwa, maana alikuwa amenitolea maneno kinywani. Akakubali alipwe kidogo kidogo kila mwezi. Akasema tena, kwa sauti ya chini, kwamba kwenye kikundi wako wengine wawili ambao simu zao zinatetemeka mifukoni, na mmoja wao hali wala halali.

Vidole na hao wawili sasa hukutana kila Alhamisi alasiri, saluni ikiwa haina watu, na mtunza hazina mwenyewe huja. Hakuna anayemlipia mwenzake, wote mifuko imetoboka. Wanaambiana tu nani alilala na nani hakulala, nani alipokea simu na nani alijificha chooni. Nilihudhuria mara moja nikidhani nitasikia vilio. Nilikuta wanacheka mpaka mmoja anashika ukuta, kwa sababu mwenzao alikuwa amemwambia mdai kwamba siye anayemtafuta, yeye ni pacha wake.

Si wote waliokuwa waungwana. Muuza nywele alikataa kungoja, akaja na mkokoteni akachukua draya moja nzima papo hapo, akapunguza sehemu ya deni, na iliyobaki akasema ataifuata. Vidole alililia ile draya kuliko alivyomlilia babu yake. Nusu ya chumba wamempangisha fundi cherehani, ambaye kodi yake inasaidia, na mashine yake inagonga kutwa. Kaka yangu bado anaingia chini ya masinki ya watu, na hazungumzi tena habari za kulishwa. Usiku mwingine Vidole hukurupuka bado, hesabu zikimzunguka kichwani. Tofauti ni kwamba humwamsha mume, na mume humwambia alale, kesho ni siku.

Simu siku hizi iko juu ya meza, waziwazi. Ikiita anaitazama, anapokea, anasema, "Tarehe tano, siyo kabla," anaikata na kuendelea na msuko. Kicheko kimerudi na ukubwa wake. Wa duka la vifaa wanalalamika kwamba kinawapotezea hesabu ya misumari. Amenenepa kidogo pia, na mimi nimemwambia, kama wifi anavyopaswa kusema, kwamba nguo zake zinalia.

Mwezi uliopita nilikwenda kusukwa. Benchi lilikuwa na watu watatu, wote wa kulipa. Akanisuka vizuri sana, misuko midogo ya kurudi nyuma, akinisimulia habari za fundi cherehani hata mgongo ukaniuma kwa kucheka. Alipomaliza nikasimama, nikajitazama, nikamuaga kila mtu, nikaenda zangu. Mazoea yana taabu.

"Wifi," akaniita mbele ya wote. "Hujanilipa."

Nikarudi nikamnong'oneza kwamba yeye bado hajanilipa mimi, na kwamba zamu yangu, kwa jinsi tulivyopanga, ni ya mwisho kabisa, baada ya muuza nywele.

"Najua. Deni lako liko palepale, na nitalilipa," akasema, wala hakunong'ona. "Lakini kichwa ni kichwa."

Mkono wake ulikuwa umenyooshwa mbele yangu, na ulikuwa umetulia. Nikafungua pochi nikatoa pesa kamili. Akazihesabu, akazitia mfukoni, akamwita anayefuata.