Kiti Kisichoonekana cha Baba Lydia

Mume wangu Gidion alikuwa akikaa kwenye kiti ambacho hakipo. Mgongo ukutani, magoti yamekunjwa, chini yake hewa tupu. Alikaa hivyo mpaka mapaja yatetemeke kama mashine ya kusaga inayogoma kuwaka. Saa hatukuwa nayo, basi kipimo kilikuwa mtoto wetu Lydia: anyonye titi la kushoto mpaka aliache mwenyewe, ndipo baba ainuke.

"Bado hajashiba?"

"Bado."

"Huyu ana tumbo la ndama!"

"Vumilia, baba Lydia. Ndiyo kazi hiyo."

Na ilikuwa kazi kweli. Kiwanda alichobebea magunia pale Themi kilikuwa cha serikali, kikauzwa, na tajiri mpya akatangaza kupunguza watu. Ila alipenda michezo. Watakaoingia timu ya Mei Mosi hawataguswa. Mbio za mita mia alitaka mtu mmoja tu. Mwaka uliotangulia Gidion alikuwa wa mwisho, nyuma ya mhasibu mwenye kitambi.

Mzee Ndesanjo, aliyewahi kufundisha riadha, ndiye aliyempa dawa. "Unachelewa kuondoka, kijana. Miguu haina nguvu ya kuisukuma ardhi. Sukuma kisichosukumika, mwili utulie, misuli ifanye kazi." Basi, mbali na kiti hicho cha hewa, kila asubuhi Gidion akausukuma ukuta wetu kama anayetaka kuuhamishia Momela, hata jirani Kandida akaja mbio na gogo la kuuegemeza, akidhani unaanguka.

Hilo lilipita. Lililotutesa ni siku mama yangu aliposhuka kutoka Olmotonyi na kibuyu cha maziwa. Kwetu Waarusha, mkwe hamsalimii mama mkwe akiwa amekaa. Anasimama, anainamisha macho. Mama akaingia uani, akamkuta mkwe wake ukutani, na Lydia ndiyo kwanza ameanza kunyonya.

"Shikamoo, mama," Gidion akasema palepale alipo.

Mama hakuitikia. Alisimama mbali, akainama kuchungulia chini yake.

"Nanyori," akaniita, "huyu amekaa au amesimama?"

"Yuko katikati, yeyo," nikamjibu mama.

"Katikati ndiyo wapi?"

"Ni mazoezi ya mbio."

"Mbio! Hajasogea tangu niingie!"

Kwa aibu nikamtoa Lydia kwenye titi. Akapiga yowe. Gidion akajaribu kuinuka, miguu ikakataa, akateleza na ukuta mpaka chini, puu, mbele ya mama mkwe.

Mama akajifunika uso kwa kanga. "Sasa amekaa." Akanivuta pembeni. "Sema kweli, mwanangu. Viti mmeuza? Hii ruksa yenu ya siku hizi ya kuuza kila kitu!"

Akaondoka. Na kibuyu akaondoka nacho.

Jumamosi ya mchujo nilienda uwanjani, Lydia mgongoni. Filimbi ilipolia, Gidion alichomoka kama mbuzi aliyesikia fisi. Hatua ishirini za mwanzo alikuwa mbele peke yake, nami nikipiga vigelegele. Halafu Mika wa idara ya upakiaji, mwenye miguu ya twiga, akamfikia. Akampita kwenye mstari wenyewe.

Wa pili. Na aliyetakiwa ni mmoja.

Gidion alienda kwenye ukuta wa uwanja, akageuza mgongo, akateremka taratibu mpaka kwenye kiti chake. Huzuni ilimpeleka alikozoea.

Msimamizi wa timu ya kuvuta kamba alimpita akitafuta mtu wa mkiani, wa kushika mwisho wa kamba, maana aliyekuwa naye alikuwa mgonjwa. Akaenda, akarudi. Gidion bado yuko hewani.

"We bwana, unaweza kukaa hivyo mpaka lini?"

"Mpaka mtoto ashibe," Gidion akajibu, mawazo yakiwa mbali.

Wakamzungushia kamba kiunoni. Upande wa pili wanaume wanane wakavuta, wakaguna, wakatukana. Gidion akakunja magoti, akakaa. Waliposhindwa kumng'oa, jina lake likaandikwa kwenye timu.

Jumapili baada ya ibada mama alikuja tena, maziwa mkononi, kigoda kichwani. Gidion akaruka wima, macho chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuletea kiti, baba Lydia. Kaa kama watu."

Akajishusha polepole, kwa adabu, mpaka ikabaki nafasi ya kidole kimoja juu ya kigoda. Hapo akagota. Mapaja yakaanza kutetemeka, mama ananitazama mimi, mpaka nikamshika mabega nikamkalisha.