Maharagwe Yasiyokuwa ya Kadzo

Tangu uingie huu mfumo mpya wa elimu wa nane-nne-nne, chuo chetu cha ualimu hapa Kilifi kimenijazia wanafunzi wa kusimamia utafiti. Majina yao nayajua, ila kazi zao hunichanganyikia kichwani kama kunde na pojo.

Juzi Kadzo alifika mbele ya watahini kuutetea utafiti wake. Nilisimama kumtambulisha, na kwa kuwa naipenda sauti yangu, nikaendelea. Nilisifu bustani yake ya shule kule Kaloleni, nikasifu mbolea na maharagwe mpaka jasho likanitoka. Kadzo aliinua mkono, nikamwashiria atulie.

Mtahini mkuu, mama wa makamo, akamuuliza, "Maharagwe hayo uliyapanda lini?"

"Samahani, mama. Maharagwe ni ya mwenzangu Karisa. Mimi nilichunguza kwa nini watoto wa Gongoni hunyamaza darasani."

"Ukagundua nini?"

Kadzo alinitazama kwa adabu. "Mwalimu akisema peke yake, hata mtoto anayejua jibu hukaa kimya."

Ukumbi ukaangua kicheko. Kadzo akaitetea kazi yake kama wakili, akawapita wenzake wote kwa alama. Nilipiga makofi mpaka viganja vikaniwasha.

"Mwalimu," mtahini akanigeukia, "utafiti huu umeusoma?"

"Sijausoma, mama," nikajibu mbele ya wote, nimejaa fahari juu ya Kadzo kama baba wa bibi harusi.