Karatasi za Masizi

Mpaka leo nikimsikia msomi anasema "wananchi wa kawaida hawaelewi," damu inanichemka. Hawaelewi nini? Kufa?

Ilikuwa ile miaka ya soko huria, mitumba imefurika sokoni na kila mwenye mkoba pale Dodoma mjini ana asasi yake. Sisi tulikuwa na kamati: watu wa kanisani, watu wa msikitini, wanafunzi, na mimi, mpiga chapa wa ofisi ya serikali. Tulikusanya sahihi za kuyataka mataifa makubwa yateketeze mabomu yao ya nyuklia. Niliipenda kazi ile, sifichi. Nikapewa kijiji cha Ihumwa, kwa kuwa mama yangu mkubwa, aliyenilea, aliishi huko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karatasi hiyo ya nini?"

Nikamweleza. Akasema hapana. Mara ya mwisho kuweka dole gumba kwenye karatasi ilikuwa siku alipoletewa sanduku la nguo za mwanawe, aliyeuawa kwenye vita vya Uganda. Siku ile aliapa hatatia dole tena kwenye karatasi ya mtu yeyote. Sikumbishia. Nani angembishia?

Nikakaa kumsaidia kupepeta uwele. Baada ya muda akauliza, "Hilo bomu linachagua askari?"

"Halichagui, mama. Linaua hata mtoto aliye tumboni."

"Na wenye nalo, wamezaliwa na wanawake?"

"Ndiyo."

"Haya, lete."

Pedi yangu ya wino ilikuwa imekauka kwa jua. Akakwangua masizi ya chungu, akayachanganya na mafuta kidogo ya karanga, akachovya dole na kulikandamiza mpaka karatasi ikabonyea. Majirani walipoona yeye aliyeapa amekubali, wakaja mmoja mmoja. Nilirudi mjini na karatasi tatu zilizojaa madole meusi, na mbele ya kila dole nimeandika jina la mwenyewe. Nilijisikia kama nimebeba harusi.

Mwenyekiti wetu, mwalimu wa chuo, alizishika kwa ncha za vidole viwili. "Dada, hizi hapana. Wageni wetu wa nje watatuonaje? Masizi! Na hawa wanajua nyuklia ni nini?"

"Wanajua vita ni nini," nikasema. "Wewe ulizika nani?"

Akacheka. Wajumbe wakainamia soda zao. Halafu, kwa sauti ya upole ambayo ndiyo iliyoniudhi zaidi, akaniambia nichukue karatasi safi, niyanakili majina yale kwa kalamu na kuyatilia sahihi mimi mwenyewe, maana bahasha ya kwenda kwa wageni hao ilikuwa inaondoka saa kumi. "Nani atajua?"

Jamani! Tunawaambia wakubwa wa dunia wasiamue uhai wa watu bila kuwauliza, halafu sisi tunawafutia watu madole yao kwa sababu yanachafua bahasha! Nilimwambia hivyo hivyo, nikiwa nimesimama, napiga meza, na sauti ilifika barabarani.

Kisha, na aibu hii ni yangu, nikakaa nikaandika. Niliogopa Ihumwa nzima isiwemo. Nikabuni sahihi baada ya sahihi, nyingine za kupinda, nyingine za madoido. Nilipofika kwenye jina la mama mkubwa nikaweka kalamu chini. Sahihi yake sikuweza kuibuni. Bahasha ikaondoka bila yeye.

Jumapili nikaenda Ihumwa kumwambia ukweli. Njia nzima niliupanga: nitaanza na mwenyekiti, nitamalizia na mimi. Kabla sijavua viatu akaniuliza, "Dole langu limefika?"

"Limefika, mama."

Akaita jina la mwanawe, ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake tangu msiba. Akaliita kwa sauti ya kawaida tu, kama vile yuko uani anapasua kuni. "Umesikia, mwanangu? Nimewaambia."

Akaingia jikoni kunipikia, huku anaimba. Mimi niliyempigia mwenyekiti meza nikabaki nimekaa kwenye kigoda, nikashindwa hata kuomba maji ya kunywa.