Ubani wa Shehena ya Kwanza

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kisu na gunia la korosho ghafi kutoka Nanyamba, nikaambiwa nipasue. Nilidhani ni utani wa kumpokea mgeni. Kumbe ndiyo kazi yenyewe: unachota korosho huku na huku ndani ya gunia, unapasua, unatazama zipi nzima, zipi zimesinyaa, zipi zimeoza. Hapo ndipo unajua mkulima amekuletea nini. Kazi hiyo tuliiita kukata sampuli. Mafuta ya ganda yalinibabua vidole hadi nikashindwa kula kwa mkono. Mkaguzi Mkuu wa Ubora, mzee wa Kitaya asiyecheka ovyo, alinitazama akasema, "Paka majivu, bwana mdogo. Ganda halina urafiki na mtu."

Nilipaka majivu na nikakaa. Kiwanda chetu cha Mtwara kilikuwa kidogo: tunabangua, yaani tunaondoa ganda, tunamenya ile ngozi nyembamba ya ndani, halafu akina mama wanachambua mezani, nzima kwake na vipande kwake. Tuliwauzia wafanyabiashara wa Dar es Salaam, nao wakaziuza nje kana kwamba wamezipanda wao. Mzee wa Kitaya alipostaafu nikakalia kiti chake. Ndipo akaja Mkurugenzi mpya, akasema sasa tunauza nje wenyewe.

Ninyi vijana mnaoniuliza biashara ya nje inaanzaje, mnadhani ni kumpata mnunuzi kwenye simu, basi. Haya. Kwanza sampuli: nusu anabaki nayo mnunuzi, nusu unafungia kabatini kwako, ili mkigombana mna cha kulinganisha. Kisha cheti cha afya ya mimea, kwamba hupeleki wadudu kwa watu, na cheti cha uasilia, kinachosema zao limelimwa wapi. Sisi tulikwenda mbele zaidi, tukawekeza. Tulikodi kona ya ghala huko Rotterdam, Uholanzi, tukaweka mashine ya kufunga pakiti ndogo. Msitishwe na neno uwekezaji, kwetu lilikuwa kona na mashine. Na mtu wa kukaa nayo.

Meneja Masoko aliniita ofisini kwake. "Asiyekuwepo na lake halipo," alisema. "Nani ataisemea korosho yetu kule? Nenda wewe. Shehena ya kwanza ikipokelewa tu, unapanda ndege kurudi nyumbani."

Nikamwambia mke wangu hivyo hivyo. Somoe alikuwa msimamizi wa meza za kuchambua palepale kiwandani. Kila asubuhi tulitoka Mikindani pamoja kwa pikipiki yangu, na jioni tukarudi pamoja, tukibishana njia nzima. Alinijibu, "Nenda. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Alisema akicheka, lakini shati langu moja alilipiga pasi mara mbili.

Baridi ya kule huku tunaisikia tu, jamani, mimi nikaikuta. Lakini baridi unaizoea. Watu walikuwa wastaarabu. Wanakusalimu, na salamu ikiisha imeisha, hakuna wa kukuuliza watoto hawajambo, mvua imenyesha, mama anaendeleaje. Ijumaa nilipanda treni kwenda msikitini, nikakaa bega kwa bega na watu, tukatoa salamu, kila mtu akashika njia yake. Nilikuwa mpweke, sina neno jingine. Nikalingoja kontena la korosho zetu kama mtu anayemngoja ndugu yake.

Likafika. Mkaguzi wa mnunuzi, mama mmoja mrefu mwenye miwani, alifungua katoni, akachana mfuko, akanusa. Akampa mwenzake naye akanusa. Nikasogea. Wallahi, ulikuwa ubani. Ilikuwa sebule yetu ya Mikindani siku ya maulidi, imo ndani ya katoni, na mimi nilitamani nizamishe uso mle nisitoke.

"Zinanuka kanisa," alisema yule mama. "Samahani sana. Hatuwezi kupokea."

Hakuwa mkorofi. Korosho iliyomenywa ina mafuta, hushika kila harufu inayopita. Nilimwelewa, nami ndiye niliyekuwa nikiwafundisha wengine hilo. Nikampigia Somoe.

"Nani amefukiza chumba cha kupakia?"

"Sisi," alisema, na furaha ikisikika. "Mzigo wa kwanza, safari ya kwanza, uondoke hivi hivi? Mwalimu wa madrasa alikuja tukasoma dua, tukazungusha chetezo meza zote. Nikalitaja na jina lako."

"Korosho zilikuwa wazi?"

"Zilikuwa mezani. Tungefukiza makatoni?"

Nani angewalaumu? Kwetu hata bibi harusi hatoki bila ubani. Ningekuwepo, ningekishika chetezo mimi mwenyewe.

"Wamezikataa, Somoe."

"Kwa hiyo huji."

"Siji kwanza."

"Basi tusikuombee tena?"

"Niombeeni. Ila nje, mbali na meza."

Shehena ya pili ilipokelewa. Nilikwishafunga sanduku Meneja Masoko aliponipigia simu. "Hongera. Umefungua soko," alisema. "Sasa ukiondoka wewe, litafungwa." Nikafungua sanduku. Nilikwenda nyumbani kwa likizo na kurudi. Binti yetu Zainabu aliolewa, nikaozesha kwa simu. Mameneja Masoko walibadilika, na wa mwisho hatukuwahi kuonana uso kwa uso.

Nimestaafu na nimerudi. Soko lipo, meza zimejaa akina mama, na ninajivunia, kwa nini nisiseme? Lakini nyumba ile ni ya Somoe. Ana vikoba vyake, ana mashoga zake, anajua chumvi inakaa wapi. Mimi nauliza. Miaka yote ile kwenye simu hatukuwahi kukosa la kusema, tulicheka hadi bando linakata. Sasa tumekaa kiti na kiti, tunaulizana kama maji yametoka.

Juzi mchana nilikuwa barazani, yeye jikoni. Sijui nini kilinituma, nikachukua simu nikampigia. Nikaisikia ikiita kule ndani. Nilidhani atatoka anicheke. Akapokea.

"Baba Zainabu," alisema kwa ile sauti yake ya simu, laini, ambayo sikuwa nimeisikia tangu nirudi. "Hujambo huko?"

"Sijambo. Nimekukumbuka tu."

Nikasikia mwiko ukiwekwa chini.

"Na mimi," akasema. "Utarudi lini?"