Stempu Moja ya Geita

Wiki iliyopita katibu wa chama chetu cha wakusanya stempu alinipigia simu. Tuko wachache, wengi wastaafu, tunakutana Shinyanga mjini kwenye chumba cha nyuma cha duka la madaftari. Alitaka niandike ukurasa mmoja wa kuwahimiza wanachama walete stempu zao, waonyeshane na kuazimana, maana kila mtu amejifungia na zake. Nimesoma chuo kikuu, akasema, nitajua maneno ya kuwashawishi. Nikamjibu kwamba sina uhakika kama jambo lenyewe naliamini. Akacheka, akaniambia basi niandike hivyo hivyo.

Nililelewa na Bibi huko Ibadakuli, upande wa uwanja wa ndege, ambako ndege ikishuka mbuzi wanakimbilia jikoni. Mama sikumjua. Baba alikwenda Geita kuchimba dhahabu nikiwa darasa la nne. Ninachokikumbuka zaidi ni kiangazi. Bibi alimenya viazi vitamu, akavikata vipande, akavianika juu ya mawe viwe michembe, na kazi yangu ilikuwa kufukuza kuku. Pembeni ya michembe nilianika stempu. Nilikata kona ya bahasha, nikailoweka kwa maji kwenye bakuli la uji mpaka gundi ilegee, kisha nikaibandua stempu taratibu kwa kucha. Mpaka leo zinanukia viazi. Au nadhani zinanukia. Sijawahi kumuuliza mtu mwingine anuse.

Barua za baba zilipitia sanduku la posta la shule, na jirani yetu, fundi baiskeli, ndiye aliyetuletea kutoka mjini. Baba hakuwa mtu wa kalamu, aliandikiwa na wengine, kwa hiyo mwandiko haukunishughulisha. Bibi hakujua kusoma. Mimi ndiye niliyemsomea, naye aliinamisha kichwa, akaguna mahali pa kuguna, kama mtu asiyejua kitakachofuata. Barua moja ilimtaja mbuzi mweupe anayechechemea, ambaye alizaliwa baba akiwa ameshaondoka. Nilisoma nikapita. Siku ya barua nilimaliza ugali nikaomba mwingine. Siku zisizo na barua nilichezea tonge mpaka likapoa.

Shuleni mwalimu wa jiografia alianzisha klabu ya stempu. Sharti lake lilikuwa moja: daftari lako linakwenda nyumbani kwa mwenzako wiki nzima, na Ijumaa inayofuata yeye ndiye anayesimama kulieleza mbele ya wote. Alikuwa akisema stempu iliyofungiwa sandukuni ni karatasi tu. Nilimuuliza ikitolewa sandukuni inakuwa nini. Akaniambia nikae.

Sikutaka kulitoa langu. Lilikuwa na stempu tisa, zote za baba. Mwalimu hakunilazimisha, alisema tu kwamba asiyeazima wenzake naye haazimwi. Nami nilitamani sana daftari la mtoto wa mlinzi wa uwanja wa ndege, lenye stempu za nchi ambazo sikuweza hata kutamka majina yake. Tukabadilishana.

Hakungoja Ijumaa. Jumatano alinifuata kwenye foleni ya bomba, daftari langu kwapani, mkononi lenzi ya mwalimu.

"Si ulisema baba yako yuko Geita?"

"Yuko Geita."

"Muhuri wa Geita uko kwenye hii ya kwanza tu. Hizi nane zimegongwa hapa hapa Shinyanga. Kwani anachimba dhahabu sokoni?"

Foleni ikacheka. Nikachukua lenzi, nikaangalia. Herufi zilikuwa wazi. Nilikuwa nimeziloweka na kuzianika kwa mikono yangu, na sikuwahi kuzisoma. Nikajaza ndoo, nikaenda nyumbani. Sikulia. Nikiitafuta leo hisia ya siku ile napata uzito wa ndoo tu.

Nilimkuta Bibi anamenya karanga. Nikamwamkia, akaitikia marahaba. Nikamuuliza barua zinaandikwa na nani.

Hakuinua macho. "Fundi baiskeli ndiye anayeandika. Mimi namwambia cha kuandika."

"Na baba?"

"Ile ya kwanza ilikuwa yake. Baada ya hapo sijui, mjukuu wangu. Kila anayetoka huko namuuliza." Akapeta maganda, akayapuliza. "Ulikuwa huli. Barua ikija, unakula."

Nikakaa chini, nikamsaidia karanga. Jioni tulikula ugali na mlenda, nikamaliza sahani yangu. Barua hazikuja tena, na baba hakuja.

Ijumaa mtoto wa mlinzi alisimama na daftari langu. Nilikaa nikimsubiri aseme. Akageuza kurasa, akasema stempu hizi zimebanduliwa vizuri, hakuna hata moja iliyochanika. Mwalimu akamuuliza zimetoka wapi. Akaniangalia. Nikajibu mwenyewe kutoka kwenye dawati: moja ni ya Geita, nane ni za Bibi. Mwalimu akaita daftari linalofuata.

Bibi hayupo sasa. Kwa fundi baiskeli wanachaji simu. Sanduku la posta la shule limeziba kwa kutu, na sijui ufunguo alibaki nao nani. Walioko machimboni siku hizi wanapiga simu au hawapigi, na hakuna muhuri wa kukuonyesha walikuwa wapi.

Kwa hiyo, wanachama wenzangu, siwezi kuwaahidi kwamba kuonyeshana stempu kutawafurahisha. Ninachojua ni kwamba zangu nilikaa nazo zaidi ya mwaka bila kuzisoma, na mwenzangu alizisoma kwa siku tano. Jumamosi nitakuja na lile daftari. Atakayetaka aliazime, aende nalo kwake, akirudi asimame alieleze anavyoliona. Mimi nitainamisha kichwa na kuguna mahali pa kuguna, kama mtu asiyejua kitakachofuata.